Rupia ya Kijerumani, alama za

Rupia ya Kijerumani ni sarafu ya fedha iliyotumika Tanganyika enzi za ukoloni wa Wajerumani. Ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 hivi na fedha halisi sehemu 917 kwa 1,000, sawa na rupia ya India.

Upande mmoja una sura ya Kaisari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai. Upande wa pili huonyesha mtoaji: simba na mnazi ni nembo ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki (1890–1902), thamani ndani ya matawi ni toleo la serikali, kuanzia 1904. Tangu hapo rupia iligawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64.

Herufi ndogo hutaja kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Herufi T, ya Tabora, haipo kwenye rupia za fedha. Hupatikana kwenye sarafu za dharura za 1916: heller 5 na 20, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo.