Amini, vipimo vya kutofautisha

Amini ni kampaundi za ogani zinazotokana na amonia baada ya haidrojeni yake moja au zaidi kuchukuliwa nafasi na kundi la kaboni. Ikiondoka moja, amini ni ya daraja la kwanza. Mbili, la pili. Zote tatu, la tatu. Karibu zote ni besi, na nyingi hunuka. Shombo la samaki wa baharini aliyelala hutoka kwa trimethilamini, ya daraja la tatu, na ndimu hulikata kwa kuwa asidi huigeuza amini hiyo kuwa chumvi isiyoruka hewani. Litimasi na pua hazitambui daraja. Vipimo vyenyewe huuliza jambo moja: nitrojeni imebaki na haidrojeni ngapi?

Kipimo cha Hinsberg

Mjerumani Oskar Hinsberg alikieleza mwaka 1890. Amini hutikiswa pamoja na kloridi ya benzenisulfonili katika myeyusho wa sodiamu haidroksidi. Ya daraja la kwanza huyeyuka yote, kisha hutoa mashapo ikitiwa asidi. Ya pili hutoa mashapo yasiyoyeyuka katika alkali. Ya tatu haishikamani na kitu; huelea kama mafuta na kuyeyuka asidi inapoongezwa.

Kipimo cha kabilamini

Hutambua daraja la kwanza pekee, kwa uvundo mkali wenye sumu unaotokea amini ikipashwa moto na kloroformu na alkali.

Asidi nitrasi, barafu na pamba

Hiki ndicho kipimo chenye historia ndefu zaidi, na kinaigusa Shinyanga, Tanzania, kwa njia ya pamba. Asidi nitrasi haidumu chupani, hivyo hutengenezwa papo hapo kwa nitriti ya sodiamu na asidi hidrokloriki. Amini ya daraja la kwanza yenye mnyororo wa kawaida hutoa mapovu ya nitrojeni. Ya daraja la pili hutoa mafuta ya manjano, nitrosamini, jamii yenye sifa mbaya ya kusababisha saratani; mabaki yake hayamwagwi ovyo.

Anilini, yenye pete ya benzini badala ya mnyororo, na ndugu zake wa daraja la kwanza hutoa chumvi ya diazoniamu, iliyogunduliwa na Peter Griess mwaka 1858. Chumvi hiyo huhitaji nyuzi 0 hadi 5 za Selsiasi. Kwa mwalimu wa Shinyanga, ambako mchana wa Oktoba huvuka nyuzi 30, barafu ni kitendanishi kama vingine: ikiisha, chumvi huvunjika na kipimo hupotea. Ikishikwa vizuri na kumiminwa kwenye naftholi iliyo katika alkali, rangi nyekundu ya machungwa huiva papo hapo.

Rangi hiyo ni ya azo, ukoo mkubwa kuliko wote wa rangi za viwandani. Mojawapo, Nyekundu ya Kongo, ilitengenezwa mwaka 1883 na kupewa jina wakati Mkutano wa Berlin ulipokuwa ukijadili Kongo. Ilikuwa rangi ya kwanza ya viwandani kushika pamba moja kwa moja bila dawa ya kushikizia. Pamba, "dhahabu nyeupe" ya Usukuma, ndiyo iliyokuwa fahari ya Shinyanga, ingawa sehemu kubwa ya mashamba yake iliingia Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Tangu miaka ya 2000 Umoja wa Ulaya huzuia vitambaa vyenye rangi za azo zinazoweza kuachia amini 22 zenye madhara, kiwango kikizidi miligramu 30 kwa kilo.

Maabara ya Mkemia Mkuu

Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye mizizi katika maabara ya Kijerumani ya mwaka 1895 Dar es Salaam, huhudumia Shinyanga na Geita kupitia ofisi ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Kwenye machimbo ya dhahabu jina lake huambatana zaidi na sianidi na zebaki. Lakini dawa nyingi za kulevya nazo ni amini: kathinoni ya mirungi ni ya daraja la kwanza, methamfetamini ni ya pili. Kipimo cha Simon, chenye nitroprusidi ya sodiamu na asetaldehidi, hugeuka buluu kwa methamfetamini. Jibu hilo ni la awali. Uthibitisho hufanywa kwa mashine.

Kazi hiyo si ndogo: Desemba 2023 serikali ilikamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa.