Mchoraji wa Kukodiwa na Sinema Isiyokuwapo

Miongoni mwa kazi zilizokuzwa na sinema iko moja ambayo jina lake halijatulia katika Kiswahili. Ni kazi ya mchoraji aitwaye kabla jambo halijakuwa. Hakuna kamera iliyofunguliwa, hakuna mwigizaji aliyechaguliwa, pengine hata hadithi yenyewe haijakamilika. Naye hutakiwa akichore kitu ambacho hakijaonwa na mtu yeyote, ili mafundi, washonaji na wenye fedha wapate kukijua. Anaweza kuitwa mchoraji wa dhana. Aghalabu si mtumishi wa kudumu: huitwa kwa kazi moja, hupewa ujira wake, akaenda zake. Neno kibarua, ambalo asili yake ni kile kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, lamwelea kuliko yeye mwenyewe angependa. Walakini kitu anachokiacha nyuma yake hakiishi kwa siku moja, na ugumu wa kumlipa hutoka hapo.

Katika historia ya kazi hii hapana mfano ulio wazi kuliko ule wa Ralph McQuarrie na sinema ya Star Wars. McQuarrie alizaliwa mwaka 1929 katika mji wa Gary, jimbo la Indiana, Marekani. Alikwenda vitani Korea, akapigwa risasi ya kichwa, akapona. Baadaye alichora michoro ya kiufundi katika kampuni ya ndege ya Boeing, kisha akatengeneza picha za kuwaeleza watazamaji wa televisheni ya CBS safari za Apollo kwenda mwezini. Kazi hizo zilimfundisha adabu moja: chombo kikichorwa, sharti kionekane kuwa chaweza kufanya kazi. Watunzi wawili wa sinema, Hal Barwood na Matthew Robbins, walimkodi awachoree picha za hadithi waliyokusudia kuitengeneza. Sinema hiyo haikutengenezwa kamwe. Lakini rafiki yao George Lucas aliziona picha zile, nazo zikamkaa moyoni.

Lucas alikuwa na haja kubwa. Ingawa sinema yake ya American Graffiti ilifanikiwa sana mwaka 1973, hadithi yake ya vita vya angani ilikwisha kukataliwa na makampuni mawili, United Artists na Universal. Alan Ladd mdogo, wa kampuni ya 20th Century-Fox, aliipokea, lakini wakurugenzi wenzake walitakiwa watoe mamilioni ya dola kwa maandishi ambayo msomaji mwerevu aliweza kuyamaliza asielewe yasemavyo. Roboti mbili jangwani, mtu mrefu mwenye mavazi meusi, panga za nuru: mambo hayo yakisomwa yalielekea kuchekesha. Basi kati ya mwisho wa mwaka 1974 na mwanzo wa 1975 McQuarrie aliitwa. Mnamo Januari 1975 ilikuwa tayari picha ya roboti mbili katika nchi ya mchanga. Mmoja mfupi, wa pili wa dhahabu mwenye umbo la mtu, aliyekopa sura yake kwa roboti wa sinema ya Metropolis ya mwaka 1927. Nyingine zikafuata. Desemba 1975 Fox ikakubali sinema itengenezwe. Haingekuwa haki kudai kuwa picha pekee ndizo zilizoifungua sanduku la fedha, maana Ladd alimwamini Lucas tangu zamani; lakini ziliwapa wakurugenzi kitu cha kutazama mahali pa kitu cha kusadiki.

Yafaa kukaa kidogo juu ya picha ya Darth Vader, adui mkuu wa hadithi ile, kwa sababu ndani yake tabia ya kazi hii yaonekana bila ya pazia. Lucas alimwagiza McQuarrie amchore mtu mrefu, mwenye nguo nyeusi zenye kupepea, na kofia iliyofanana na ya samurai wa Kijapani. Maagizo hayo hayakutaja kinyago cha kupumulia. McQuarrie, kwa ile adabu ya Boeing, aliuliza swali la fundi: mtu huyu atavuka kutoka chombo hata chombo kupitia anga lisilo na hewa, atapumua kwa nini? Akamchorea kinyago. Kilikuwa kifaa cha safari moja, lakini hakikuvuliwa tena. Kutoka katika kinyago ilizaliwa ile sauti ya pumzi nzito inayomtangulia Vader kila aendako, na katika sinema zilizofuata ikabidi ipatikane sababu ya mtu huyo kutoweza kuishi bila ya hicho. Hivyo mchoraji aliyekodiwa kupamba hadithi aliibadili hadithi. Ni fungu gani la mkataba lingeweza kuipimia bei swali lile?

Nguvu ya picha haikuishia kwa wakurugenzi. Mwigizaji wa Kiingereza Anthony Daniels hakuwa na hamu ya kuigiza roboti. Alipoiona picha ya yule wa dhahabu, uso ule ulimvuta, akakubali. Mshoni John Mollo na msanifu wa mandhari John Barry walifanya kazi zao wakiwa na picha za McQuarrie mbele yao. Sinema ilitoka tarehe 25 Mei 1977. Mwaka uliofuata Mollo na Barry walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Oscar, McQuarrie hakuwamo. Jina lake lilitajwa katika orodha ya watenda kazi, kama mchoraji wa picha za matayarisho. Oscar yake ilimjia mwaka 1986, kwa sinema ya Cocoon.

Pana kinaya katika mapatano ya Lucas mwenyewe. Yeye naye alikuwa mtu wa kukodiwa mbele ya Fox, na sinema yake ya American Graffiti ilipompatia sifa, angeweza kudai ujira mkubwa zaidi wa uongozaji. Hakudai, alishikilia haki ya sinema za baadaye na ya bidhaa zitakazouzwa kwa jina la hadithi. Uamuzi huo ulimtajirisha. Alijua, kuliko wakubwa wake, kwamba ujira huisha na haki huzaa. Mchoraji hakuwa na mahali pa kusimama ili ashindane namna hiyo, kwani hata sheria ilikuwa upande wa mkodi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilimhesabu mwajiri kuwa ndiye mtunzi wa kazi iliyofanywa kwa ajira, na mahakama ziliunyosha mkono wa kanuni hiyo hata ukawafikia wengi waliokodiwa kwa kazi moja moja. Sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1978, ilidai maandishi yaliyotiwa sahihi na pande mbili kabla kazi ya mtu wa kukodiwa haijahesabiwa hivyo; lakini kazi iliyoagizwa kwa ajili ya sinema ni miongoni mwa zile inazoruhusu zifanyiwe maandishi hayo.

Kwa upande mwingine, asiyefungwa hana bwana mmoja. McQuarrie alichora pia kwa ajili ya Battlestar Galactica ya Universal, mchezo wa televisheni wa mwaka 1978 ambao Fox iliushitaki kwa kudai kuwa umeiiga Star Wars. Mkono mmoja ulikwisha kula meza zote mbili, wala hapakuwa na hila: ndiyo hali ya kazi.

Picha zenyewe zilifika mahakamani kwa njia isiyotazamiwa. Andrew Ainsworth, fundi wa Uingereza aliyezitengeneza kofia za askari weupe kwa kufuata michoro ya McQuarrie, alianza mwaka 2004 kuziuza nakala zake. Kampuni ya Lucas ikamshitaki. Mwaka 2011 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ilihukumu kuwa kofia ile ni chombo cha kutumiwa katika kutengeneza sinema, si sanamu ya uchongaji, kwa hiyo haina ulinzi mrefu wa sanaa katika nchi ile. Bali madai yaliyotegemea hakimiliki ya Marekani yaliweza kusikilizwa. Majaji waliulizana kwa makini sana kofia ni kitu gani. Aliyeiwaza kwanza hakuwa mmoja wa wadai.

McQuarrie alifariki Berkeley, California, tarehe 3 Machi 2012, mwenye umri wa miaka 82. Mwaka 2014 ulitoka mchezo wa katuni wa televisheni uitwao Star Wars Rebels. Waliouunda walizirudia picha zake za zamani, hasa zile zilizowekwa kando miaka ya sabini. Na mnyama mmoja mwenye manyoya, aliyekataliwa wakati ule kwa kuwa Lucas alitaka sura nyingine, akapewa jina, sauti na nafasi katika hadithi.