Gavana wa Siku 35 na Chuo Alichokipigania

Tarehe 7 Machi 1881, Southern University ilianza masomo mjini New Orleans, jimbo la Louisiana, ikiwa na wanafunzi 12 tu. Miongoni mwa waliokipigania chuo hicho katika bunge la katiba la mwaka 1879 walikuwa wajumbe weusi T. T. Allain, Henry Demas na P. B. S. Pinchback.

Pinchback alizaliwa Macon, Georgia, mwaka 1837. Baba yake alikuwa mzungu mwenye mashamba; mama yake, Eliza Stewart, aliwahi kuwa mtumwa wake. Baba alipofariki mwaka 1848, Eliza alihofia ndugu wa marehemu wasije wakawatia watoto utumwani, akakimbilia nao Cincinnati. Kijana akaingia kazini kwenye meli za mitoni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka akawa kapteni wa askari weusi wa Louisiana, kisha akajiuzulu kwa kuchoshwa na ubaguzi jeshini.

Baadaye akaingia katika siasa. Desemba 1872 Bunge la jimbo lilimfungulia mashtaka Gavana Henry Clay Warmoth, na Pinchback akashika ugavana kwa siku 35. Hakuna mtu mweusi mwingine aliyekuwa gavana wa jimbo lolote Marekani hadi Douglas Wilder wa Virginia, mwaka 1990.

Katiba ya Louisiana ya mwaka 1868 ilikataza shule za umma za kutenga watu kwa rangi. Mwaka 1879 weupe waliopinga usawa walikuwa wamerudi madarakani, na katiba mpya ikaifuta marufuku hiyo. Chuo cha weusi kilizaliwa ndani ya katiba hiyo hiyo, na wapo waliomlaumu Pinchback kwamba amebariki ubaguzi. Lawama hiyo ina uzito. Lakini kura za kuizuia katiba ile hakuwa nazo. Angesusa, marufuku ingefutwa vilevile na vijana wangebaki mikono mitupu. Naamini alichagua vyema.

Mwaka 1914 chuo kilihamia Baton Rouge, kwenye ukingo wa juu wa mto Mississippi, chini ya rais wake Joseph S. Clark. Mwaka 1947 kikapata shule ya sheria, baada ya mwombaji mweusi aliyekataliwa na chuo cha weupe kwenda mahakamani. Jimbo liliona heri kujenga shule nyingine kuliko kumpokea. Mmoja wa wahitimu wake wa kwanza, Jesse Stone, baadaye alikuwa rais wa Southern yenyewe.