Majalada ya Kazi na Nasaba za Likasi

Asili ya jamaa nyingi za Likasi, hata zile za Kamatanda, imo katika majalada ya kazi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri watu kutoka Kasai, Rwanda na Urundi, ikaandika jina la mfanyakazi, kijiji chake, mkewe na watoto wake. Majalada hayo yalimwezesha mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu kuchunguza maisha na vifo vya wachimba migodi. Thamani yake si ya kitaaluma tu: mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Likasi kana kwamba ni wageni, ingawa wengi walizaliwa humo.

Kunakili hati katika mikrofilamu hakutoshi. Filamu ya asetati huoza kwa joto na unyevu. Hunuka siki, hujikunja, na mvuke wake huharibu filamu za jirani. Hapana budi filamu inayonuka itengwe, inakiliwe upesi katika filamu ya poliesta, nayo ihifadhiwe mahali pakavu penye baridi. Filamu ikishajikunja mno haisomeki tena, na mjukuu atakayeuliza babu yake alifika lini atakosa ushahidi.