Wapashtuni nao walirudi: habari ya lugha ya nyumbani



Wengi wetu tulioshuka Baraka kutoka Kigoma tunaijua aibu hii: koko anamsalimia mjukuu kwa Kibembe, mtoto anamwangalia mama yake na kuuliza, "Anasema nini?" Tusifikiri ni sisi tu. Tuangalie Wapashtuni wa Afghanistan.

Lugha yao, Kipashto, iko pande mbili za mpaka uliowekwa mwaka 1893 kati ya Waingereza na Emir wa Kabul. Jeshi la Wasovieti lilipoingia mwisho wa 1979, watu kwa mamilioni walikimbilia Pakistan, wengi karibu na Peshawar. Pale hata jirani alisema Kipashto, kwa hiyo lugha haikuteseka sana. Lakini waliofika mbali, mpaka Karachi, watoto wao walikuta Kiurdu shuleni na sokoni.

Mwaka 2002, Taliban walipokwisha kuanguka, zaidi ya milioni 1 na nusu walirudi kwa mwaka mmoja. Walioingia Kabul walikuta mji unasema zaidi Kidari. Mtoto aliyezaliwa Pakistan anajua Kiurdu, Kipashto anakisema bila kukiandika, Kidari hapana. Na wenyeji wanamwita Mpakistani! Sisi nasi, si watoto wetu waliitwa Watanzania?

Ni nini basi kilichokilinda Kipashto? Serikali ilikifanya lugha ya taifa mwaka 1936, lakini amri ya mfalme haiingii jikoni. Wanawake ndio walioingiza. Wana shairi fupi, landay, la mistari miwili: wa kwanza silabi 9, wa pili 13. Mama hahitaji kujua kusoma ili amfundishe binti yake. Tena neno "Pashto" kwao ni lugha na ni heshima pia: kukaribisha mgeni, kutunza neno ulilosema. Ndiyo maana mzazi akiona lugha inapotea, anaogopa na heshima itapotea nayo.

Lakini hapo tuangalie sana. Mtoto aliyekosa maneno hakukosa adabu. Vita ndivyo vilimnyima koko wake, si yeye aliyemkataa.

Kwa hiyo tunaombana: jioni, wakati wa kula, lugha ya koko isemwe kwanza. Hadithi moja, wimbo mmoja, majina ya samaki na ya miti. Na mtoto akikosea, tusimcheke. Akichekwa leo, kesho atanyamaza, na bakoko wetu wanazidi kupungua.