Njia Tatu za Isiolo: Wasichana Wamisionari na Urithi wa Huduma Kaskazini mwa Kenya

Mji wa Isiolo umekaa pale nyanda za juu za Mlima Kenya zinapokwisha na nchi kavu ya wafugaji inapoanza, na kwa sababu hiyo historia yake haitenganishwi na historia ya barabara zinazokutana hapo. Njia ya kusini hupanda hadi Meru na Nkubu. Ya kaskazini huvuka Mto Ewaso Nyiro pale Archer's Post, kisha tawi lake moja hukata kushoto kuelekea Wamba, katika nchi ya Wasamburu. Na ya mashariki hupita Garbatulla na Modogashe hadi Wajir. Katika karne ya 20, mwishoni mwa kila moja ya njia hizo walikaa wanawake waliotoka kwao wakiwa wangali vijana, wengi wao Waitalia, wakaja kufanya kazi ya umisionari. Ukihesabu watu waliobatizwa, mavuno yao kaskazini yalikuwa machache, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa na imebaki ya Waislamu. Lakini ukiangalia ni nani leo anayempima mgonjwa, anayemzalisha mama na anayemfundisha muuguzi kazi, alama yao inaonekana wazi, na inaonekana zaidi pale ambapo kazi ilikabidhiwa mapema kwa mikono ya wenyeji.

Inafaa kwanza kufafanua maneno yatakayotumika. Mtawa wa kike, ambaye Wakenya humwita sista, ni mwanamke aliyeweka nadhiri tatu za ufukara, useja na utii, akaishi chini ya kanuni za shirika lake. Mlei ni muumini asiye padri wala mtawa, naye anaweza pia kuitoa nafsi yake kwa kazi ya kimisionari bila kuvaa kanzu ya shirika lolote. Tofauti hii ina uzito katika habari za kaskazini, maana baadhi ya wanawake walioacha alama kubwa huko walikuwa masista, na mmoja wa waliojulikana zaidi alikuwa mlei.

Isiolo yenyewe ilichelewa kufikiwa na misheni, na sababu ilikuwa ya kiserikali. Tangu sheria ya mwaka 1902 iliyohusu wilaya za pembezoni, na zaidi baada ya sheria nyingine ya mwaka 1934, utawala wa Waingereza uliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo lililofungwa, ambalo mgeni hakuingia wala mwenyeji hakutoka bila kibali. Isiolo ilikuwa mlango wa eneo hilo: hapo palikuwa na ofisi za serikali na karantini ya mifugo, yaani mahali pa kuwazuia wanyama kwa muda ili kuchunguzwa magonjwa kabla ya kuuzwa kusini, na hapo walipewa makazi Wasomali waliokuwa askari wa Uingereza, wakaishi karibu na Waborana, Wasakuye, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Watawala walihofu kwamba mahubiri ya Kikristo yangeamsha ugomvi miongoni mwa Waislamu, kwa hiyo waliziwekea misheni mipaka mikali. Ndiyo maana chimbuko la habari hii halipo Isiolo, bali upande wa pili wa mlima, katika nchi ya Wakikuyu.

Shirika la Wamisionari wa Consolata lilianzishwa mjini Torino mwaka 1901 na padri Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2024, na mwaka 1902 wamisionari wake wa kwanza walifika Tuthu, Murang'a. Haikupita miaka mingi kabla hawajatambua kwamba kazi yao ilikuwa na ukuta: mwanamume mgeni hakuweza kuingia nyumba ya mama, kukaa naye jikoni, wala kumuuguza baada ya kujifungua. Mkutano waliofanya Murang'a mwaka 1904 uliweka misingi ya kazi yao, yaani kutembelea vijiji, kutibu wagonjwa, kufungua shule na kuwaandaa makatekista, ambao ni walimu wa dini wasio mapadri. Na sehemu kubwa ya mpango huo ilihitaji wanawake. Mwanzoni walisaidiwa na masista wa Cottolengo, waliofika mwaka 1903. Kisha tarehe 29 Januari 1910 Allamano aliunda shirika la masista wa Consolata, na kundi lao la kwanza la watu 15 liliondoka Italia mwaka 1913.

Miongoni mwa waliofuata mara baada yao alikuwamo Mercede Stefani, aliyezaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akachukua jina la utawa la Irene. Alishuka Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1915 akiwa na umri wa miaka 23, na kabla hajaizoea nchi, Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka katika hospitali za kikosi cha wabeba mizigo, kile ambacho jina lake la Kiingereza wenyeji waliligeuza kuwa Kariakoo. Wabebaji hao walichukuliwa kwa maelfu, wengi kwa nguvu, na walikufa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Stefani aliwauguza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, na huko alijifunza jambo ambalo shule ya utawa haikumfundisha, yaani kuwahudumia watu wa makabila na dini nyingi waliokuwa mbali na kwao kama alivyokuwa yeye. Baada ya vita alipelekwa Gikondi, Nyeri, ambako alifundisha, aliuguza na kuwaandikia barua watu waliotaka kuwasiliana na ndugu zao walioajiriwa mbali. Wakikuyu walimwita Nyaatha, jina lenye maana ya mwenye huruma. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa, na tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri, hatua ambayo katika Kanisa Katoliki hutangulia utakatifu.

Hata hivyo, tukio lililokuja kuwa na uzito zaidi kwa nchi za kaskazini huenda ni lile la mwaka 1918, wakati Askofu Filippo Perlo alipoanzisha Nyeri shirika la masista wenyeji, Masista wa Maria Immakulata. Katika jamii ambamo ndoa iliunganisha koo mbili na mahari ilikuwa akiba ya kaka wa bibi harusi, msichana aliyekataa kuolewa ili aishi na wenzake chini ya nadhiri hakuwa akifanya uamuzi wa nafsi yake tu, bali alikuwa akivunja mpango wa ukoo mzima. Wazazi waliwafuata mabinti zao misheni, wazee walilalamika, na wamisionari hawakuwa daima watu wa kusikiliza. Lakini kutokana na mvutano huo ilipatikana njia ambayo haikuwapo awali: mwanamke wa Kiafrika aliyesoma, mwenye kazi inayotambulika, aliyeweza kutumwa mbali na kwao na kurudi akiwa na heshima yake. Mwaka 1929, misheni kadhaa za Kiprotestanti zilipowataka waumini wao wakane tohara ya wasichana, na maelfu wakazihama, Wakatoliki hawakuweka sharti hilo. Msimamo huo uliwaachia shule zao wanafunzi wengi, ingawa ulimwacha msichana mwenyewe bila kinga dhidi ya kisu.

Udhaifu wa kazi iliyotegemea wageni ulidhihirika mwaka 1940, Italia ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza na wamisionari Waitalia nchini Kenya wakazuiliwa kama raia wa nchi adui.

Mlango wa Isiolo ulifunguka wakati wa uhuru, nao ulifunguka katikati ya moto. Vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kukoma rasmi mwaka 1967, vilitokana na madai ya Wasomali na baadhi ya majirani zao kutaka kaskazini iungane na Somalia. Serikali iliwakusanya wafugaji wa Isiolo katika vijiji vyenye ulinzi, vikiwamo vya Garbatulla na Merti, na mifugo mingi iliuawa, ikachukuliwa au ikafa kwa kukosa malisho. Familia zilizokuwa zikiishi kwa ngamia na ng'ombe zikawa zinasubiri posho ya mahindi, na ukame wa miaka ya 1970 uliwakuta hawajainuka. Misheni zilizopanuka kaskazini katika kipindi hicho zilikuta kwamba haja ya kwanza ya watu ilikuwa chakula, dawa na shule, na mahubiri yakabaki nyuma.

Katika njia ya kaskazini, hospitali ya Katoliki ya Wamba, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, ikawa kimbilio la wagonjwa kutoka Samburu, Isiolo na Marsabit. Masista wa Consolata walibeba humo kazi ya uuguzi, na hospitali ikapata chuo chake cha wauguzi. Jambo hili la chuo lina maana kuliko majengo. Kabla yake, msichana wa kifugaji aliyetaka kuwa muuguzi ilimlazimu kwenda kusini, katika miji ambayo wazazi wake hawakuijua wala kuiamini, ilhali chuo kilichokuwa karibu na malisho kilimpa baba nafasi ya kuja kuona kwa macho yake mahali bintiye anapolala na watu anaokaa nao.

Katika njia ya mashariki alifika Annalena Tonelli, mlei aliyezaliwa Forlì mwaka 1943, mhitimu wa sheria ambaye alikuja Kenya akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, akahamia Wajir na kukaa huko hadi miaka ya 1980. Hakuwa wa shirika lolote, na miongoni mwa Waislamu hakutafuta kumbatiza mtu. Tatizo alilolishughulikia lilikuwa kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati huo ulihitaji matibabu ya muda mrefu kuliko mfugaji alivyoweza kukaa mahali pamoja: mvua ikinyesha upande mwingine alifuata malisho, akaacha dawa, na ugonjwa ukarudi ukiwa mkali zaidi. Kuanzia mwaka 1976 ulianzishwa Wajir mpango wa kuwaweka wagonjwa katika manyatta, yaani kijiji cha vibanda vya kienyeji kilichojengwa kwa ajili yao, ambamo mgonjwa aliishi katika nyumba ya aina aliyoizoea na kumeza dawa mbele ya msimamizi kwa miezi 6. Mbinu hiyo ya kumshuhudia mgonjwa akimeza dawa yake ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuieneza katika nchi nyingi. Mwezi Februari 1984, wanaume wa Kisomali wa ukoo wa Degodia walipouawa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Tonelli aliokota majeruhi, alizika maiti na kusaidia habari zifike nje ya nchi, na mwaka uliofuata alifukuzwa Kenya. Aliendelea na kazi ile ile Somalia, akapewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa ya kuwahudumia wakimbizi mwaka 2003, na tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo aliuawa Borama.

Katika njia ya kusini, huko Nkubu, kazi ilikuwa ya kimya zaidi. Rosa Sgorbati, aliyeitwa Leonella katika utawa, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Piacenza, akasomea uuguzi Uingereza na kufika Kenya mwaka 1970. Baada ya kuhudumu Nyeri na Kiambu, mwaka 1985 alikabidhiwa uongozi wa mafunzo katika chuo cha wauguzi cha hospitali ya Nkubu, katika Jimbo la Meru, ambalo wakati huo lilijumuisha Isiolo. Sgorbati hakuvumbua dawa wala kujenga mji wa wagonjwa. Alifundisha tu, mwaka baada ya mwaka, na kila mwanafunzi aliyehitimu alipelekwa mahali ambapo mwalimu wake hakuwahi kufika.

Haifai historia hii isomwe kana kwamba wenyeji walikuwa wakisubiri tu kuokolewa. Waborana na Wasomali walikuwa na wakunga wao, waganga wao na madrasa zilizowafundisha watoto kusoma Kurani muda mrefu kabla ya kanisa la kwanza kujengwa, na wazazi wengi Waislamu waliiogopa shule ya misheni kwa sababu zilizoeleweka. Vilevile kanisa lenyewe halikuwa nje ya misukosuko ya Isiolo: lilipata hadhi ya Vikarieti ya Kitume, yaani eneo la kanisa ambalo halijakomaa kuwa jimbo kamili, mwaka 1995, na askofu wake wa kwanza, Luigi Locati, aliuawa mjini humo tarehe 14 Julai 2005; jimbo kamili lilitangazwa mwaka 2023. Kwa upande mwingine, wasichana wa Italia wanaoingia utawa wamepungua sana, na kazi za misheni zilizosimama juu ya fedha na watu kutoka ng'ambo zimetikiswa na upungufu huo.

Upungufu huo ndio kipimo cha haki cha urithi unaozungumzwa hapa. Huduma ambayo mgeni aliifanya kwa mikono yake mwenyewe ilikoma alipoondoka au alipokufa, hata kama jina lake liliendelea kukumbukwa kwa mapenzi. Ile aliyomfundisha mwingine ilikwenda mbele bila yeye, ikavuka mipaka ya kabila, ya nchi na hata ya dini. Sgorbati alilijua hilo alipofungua mafunzo ya wauguzi Mogadishu mwaka 2002, na katika siku zake za mwisho alikuwa akiwatayarisha wahitimu wake ili nao wawe walimu. Tarehe 17 Septemba 2006, alipotoka kufundisha, alipigwa risasi barabarani pamoja na mlinzi wake, Mwislamu Mohamed Mahmud, ambaye naye alikufa. Waliobaki upande wa pili wa barabara hiyo, ndani ya hospitali, walikuwa wauguzi wa Kisomali waliokwisha kujua kazi.