Mchele wa Mwea na Swali Ambalo Hatuulizi

Pishori ya Mwea haihitaji matangazo. Jirani wa ghorofa ya nne akiipika, ploti nzima inajua. Wafanyabiashara nao wanajua, ndiyo maana wengine wanachanganya mchele wa nje, wanautia kwenye gunia lililoandikwa Mwea, halafu wanakuuzia kwa bei ya Mwea. Harufu yake tunaijua na bei yake tunaijua. Lakini ukiuliza vijana kumi hapa Nairobi ni nani alichimba ile mifereji inayopeleka maji kwa huo mpunga, utabaki ukiangaliwa tu.

Nauliza kwa sababu kila serikali Kenya huwa na wimbo mmoja. Ati tuna njaa kwa sababu mvua haitoshi, kwa hivyo tumwage saruji, tujenge bwawa, na njaa itaisha. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, tunasonga mbele. Mimi sipingi mabwawa. Shida yangu ni kwamba hii nchi imekuwa na mifereji hata kabla iitwe Kenya, na historia ya hiyo mifereji inauliza swali ambalo kwenye uzinduzi hakuna mtu huuliza: nani anashika mlango wa maji? Yaani nani anaamua maji yaende shamba la nani na siku gani, na ukinyimwa unaenda kulia wapi?

Kabla ya mkoloni na ramani yake

Twende Bonde la Kerio kwanza. Wamarakwet wamekuwa wakinyunyizia mashamba yao maji kwa karne kadhaa. Maji yanatoka kwa mito kama Embobut na Arror, inayoanzia huko juu kwenye misitu ya Cherang'any. Wanayazuia kwa mawe, magogo na matawi, halafu wanayatembeza kilomita nyingi kando ya miteremko mikali hadi mashamba ya mtama na wimbi huko chini kwenye joto. Kuna mahali mfereji unapita kwenye jabali tupu, umeshikiliwa tu na mawe yaliyopangwa kwa mkono. Pampu hakuna, na stima haihitajiki. Mingi ya hiyo mifereji inafanya kazi mpaka leo.

Kilichoiweka hai muda wote huo ni sheria zake. Kila mfereji una wenyewe, ukoo mmoja au koo kadhaa. Kuna zamu ya maji, na zamu yako ikiisha unamfungulia mwenzako. Mfereji ukibomoka, wanaume wa ukoo wanatoka kuurekebisha, na asiyetoka anatozwa faini. Wizi wa maji unasikizwa na wazee, na hao wazee pia wana mashamba kwenye mfereji huo huo. Wakiamua vibaya, mimea yao pia inakauka.

Tusiufanye mfumo huu kuwa paradiso lakini. Wanawake walilima yale mashamba, ila desturi iliwakataza kazi ya mfereji na kuketi kwenye kikao chake. Walishika jembe, mlango wa maji wakaachiwa wengine. Weka hilo akilini kwa sababu litarudi.

Sasa shuka mpaka Ziwa Baringo, kwa Wachamus, au Wanjemps. Karne ya 19 hawa watu walikuwa wanalima nafaka kwa mifereji, na walilima ya kutosha kuuza. Misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilikuwa inapumzika kwao na kununua chakula, kwa sababu mbele ya hapo hukuwa na uhakika wa kula. Mskoti Joseph Thomson alifika hapo 1883, akakuta wapwani wamemtangulia kitambo. Kwa hivyo msee wa Mombasa aliyekuwa anatembea kwenda bara alishibishwa na mfereji wa Baringo, miaka mingi kabla ya reli.

Halafu mwanzoni mwa karne ya 20 mafuriko yakaja, mito ikabadilisha njia, mifereji ikaachwa mikavu. Wachamus wengi wakageukia mifugo. Mto si bomba la jikoni. Unaweza kuhama, na ukihama hauachi anwani.

Mifereji ya kambini

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya Mau Mau. Aprili 1954 wanajeshi wakazunguka Nairobi kwenye operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa ya Waafrika ilifagiliwa nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini bila kesi. Wengi walikuwa vijana wa mjini waliokuja kutafuta kazi. Watu kama wewe.

Wakati huo huo, serikali ilikuwa na mipango ya kilimo cha kunyunyizia maji, na sasa ilikuwa na maelfu ya watu waliofungiwa kwenye kambi. Mambo hayo mawili yakaunganishwa. Mwea, Perkerra na Hola, miradi mitatu mikubwa ya miaka hiyo, ilijengwa kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau. Perkerra iko Marigat, kando tu ya pale Wachamus walipokuwa na mifereji yao.

Mwea ilikuwa tambarare yenye udongo mweusi, ule unaoshika maji na kukushika viatu. Juu yake kuna Mlima Kenya, na mito ya Thiba na Nyamindi inashuka kutoka huko. Kwa mpunga, mahali ni poa. Wakaweka kambi: Thiba, Gathigiriri, Kandongu na nyingine. Hapo karibu kulikuwa na kambi ya wavulana inayoitwa Wamumu, iliyofunguliwa 1955. Yaani kulikuwa na watoto wa shule waliozuiliwa kwa ajili ya vita vya wazee wao.

Kwenye kambi za Mwea ndiko njia moja mbaya ilipokomazwa. Wafungwa wapya walikuwa wakishuka wanapokelewa kwa nguvu, na anayekataa kutii anapigwa mpaka akubali. Wakubwa waliona inafanya kazi. Basi wakaamua kuitumia pia Hola, kando ya Mto Tana.

Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 85 wa Hola walitolewa kwenda kufanya kazi kwenye mradi wa maji. Walisema wao si watumwa, hawatalazimishwa. Askari wakawapiga kwa virungu. Watu 11 wakafa.

Na taarifa ya kwanza ya serikali ilisema nini? Ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa mkokoteni wa maji. Soma hiyo tena polepole. Watu waliuawa kwa kukataa kuchimba mfereji, na lawama ikapewa maji.

Uchunguzi wa miili ukaumbua huo uongo, na Julai mwaka huo bunge la London likachemka. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilisema inasikitika kwa mateso ya kambi hizo na ikakubali kulipa wazee 5,228, pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Ukigawanya pesa hizo, kila mzee alipata kitu kidogo sana.

Uhuru ulikuja, leseni ikabaki

Hapa ndipo story huwa inakatwa, kama vile 1963 bendera ilipanda na kila kitu kikawa sawa. Nenda Mwea uone.

Wakulima waliopewa mashamba kwenye mradi hawakupewa ardhi. Walipewa leseni. Kwa kawaida ekari 4, na masharti juu yake. Meneja ndiye alikuwa anasema utapanda lini, utapanda nini, maji utayapata lini. Mpunga ulikuwa unaupeleka kwa mradi, unakatwa gharama, unabakishiwa magunia machache ya kula nyumbani. Ukivunja masharti, leseni inaweza kufutwa na unatoka. Mwaka wa 1966 bunge letu wenyewe, Kenya huru, likapitisha sheria ya unyunyiziaji iliyoweka madaraka hayo kwa Bodi ya Kitaifa ya Unyunyiziaji Maji. Mkoloni alienda lakini kiti chake kikabaki na joto.

Na kumbuka wanawake. Mara nyingi leseni ilikuwa kwa jina la mume. Mke anainama kwenye maji tangu asubuhi, anapanda, anapalilia, anafukuza ndege, na malipo yanaenda kwa mwenye leseni. Marakwet walikuwa na desturi, Mwea walikuwa na karatasi ya serikali, lakini mama alibaki pale pale.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Mwea walichoka. Bei waliyolipwa na bodi ilikuwa chini, sokoni mchele ulikuwa juu, na mwenye jasho alikuwa anaona tofauti hiyo ikienda kwa wengine. Kati ya 1998 na 1999 wakagoma. Wakakataa kupeleka mpunga kwa bodi, wakaandamana, na chama chao cha ushirika kikachukua usimamizi. Kwangu mimi hiyo ni moja ya harakati kubwa za wananchi ambazo vitabu vyetu vya shule vinaruka.

Sasa usidhani nitakwambia waliishi raha mustarehe. Bodi ilipotolewa, utaalamu na pesa za ukarabati zilienda nayo. Mifereji ikajaa matope. Watu nje ya mradi wakafungua mashamba mapya na kuvuta maji, aliye juu akashiba, aliye mwisho wa mfereji akangoja. Kumfukuza meneja ilikuwa ngumu, lakini kukubaliana kati ya jirani na jirani ilikuwa ngumu zaidi.

Walichofanya baadaye ndicho kinanifurahisha. Miaka ya 2000 walikaa chini na serikali wakagawana kazi. Serikali itunze mifereji mikubwa, na chama cha watumiaji maji kitunze ile midogo, kipange zamu, kikusanye ada, kisikize kesi. Zamu, ukarabati wa pamoja, adhabu kwa anayeiba maji. Unakumbuka uliyasoma wapi? Kerio. Baada ya kambi, leseni na mgomo, Mwea walifika mahali wazee wa Marakwet walikuwa wamekaa muda wote. Hatimaye sheria mpya ya unyunyiziaji ya 2019 iliondoa ile ya 1966 na kuvitambua vyama hivi.

Na sasa?

Mwaka wa 2022 Bwawa la Thiba lilikamilika huko Kirinyaga. Linahifadhi mita za ujazo zaidi ya milioni 15, ili wakulima wa Mwea waweze kupanda zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ni jambo nzuri, na silipingi. Thiba lilikuwa jina la kambi, leo ni jina la bwawa, na ni mto ule ule.

Lakini saruji peke yake imeshatuangusha. Hola, ile iliyomwaga damu, ilikufa 1989 wakati Mto Tana ulipobadilisha njia na kuacha pampu bila maji. Ilichukua miaka mingi kuifufua. Galana Kulalu ilizinduliwa 2014 na ndoto ya ekari milioni 1, na miaka kadhaa baadaye bado tulikuwa tunapanga foleni ya unga. Na usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la kibinafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua kubwa. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wakiwa nyumbani chini ya bwawa hilo. Waliishi chini ya ukuta ambao hawakuwa na sauti juu yake. Hata hilo ni swali la nani anashika mlango wa maji.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema una haki ya kutokuwa na njaa na haki ya maji safi ya kutosha. Sawa. Basi siku nyingine mheshimiwa akikata utepe wa bwawa, kabla hujashare ile video, uliza vitu vitatu. Mkulima wa mwisho wa mfereji atapata maji lini? Akikosa, anashtaki kwa nani, na je huyo mtu anaweza kumsikiza? Na mama anayepanda huo mpunga, jina lake liko kwa karatasi?

Kama uko na guka au cucu Kirinyaga, Baringo au Tana River, mpigie simu wiki hii. Muulize mfereji wa kwao ulichimbwa na nani. Waliokuwa vijana kwenye zile kambi sasa wamepita miaka 80, na kila mwaka wanapungua. Wengi wao hawajawahi kuulizwa.